Reale ya Mzinga

Wazee wa Unguja waliijua sarafu nzito ya fedha waliyoiita reale ya mzinga, ambayo upande wake mmoja ulichorwa nguzo mbili zilizosimama juu ya mawimbi. Na kwa kuwa watu wa pwani wameizoea mizinga kuliko nguzo za Warumi, nguzo zile zikahesabiwa kuwa ni mizinga, kama Waarabu nao walivyoziona, wakaiita sarafu hiyo Abu Midfaa.

Hispania iliyoipiga haikupata kushuka hapa kwa jina lake. Aliyetangulia ni Mreno, Ruy Lourenço Ravasco, ambaye mwaka 1503 alimtoza mtawala wa Unguja kharaji ya mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Lakini mwaka 1580 Philip wa Pili wa Hispania alikitwaa kiti cha Ureno, kwa hoja za nasaba na kwa jeshi lililozitilia hoja hizo mkazo, hata ikawa kwa muda wa miaka 60 Wareno wa pwani yetu, pamoja na Ngome ya Yesu iliyoanzwa Mombasa mwaka 1593, walikuwa raia wa mfalme wa Hispania. Ndiyo maana Mwingereza James Lancaster, ambaye taifa lake lilikuwa vitani na mfalme huyo, alipotia nanga Unguja mwishoni mwa 1591, aliwakuta Wareno wamekwisha kuwatisha wenyeji kwamba Waingereza ni makatili wenye kula watu; fitina ambayo, kwa hakika, si ya mwisho kuletwa kisiwani na mgeni dhidi ya mgeni mwenziwe.

Ureno ikajinasua mwaka 1640, na Waomani, baada ya kuirudisha Maskati mwaka 1650, wakaiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Fedha, hata hivyo, haikufuata bendera. Ilichimbwa katika mlima wa Potosí na katika migodi ya Meksiko, na huko Potosí wenyeji walishurutishwa kwenda mgodini kwa zamu, wengi wasirudi makwao. Kisha ikavuka bahari hadi Ulaya, ikaingia mikononi mwa tajiri wa Basra, wa Surati na wa Maskati, mpaka ikamfikia mwenye pembe za ndovu aliyeketi forodhani Unguja, asiyejua damu iliyomwagika juu yake.

Napoleon alipoivamia Hispania mwaka 1808, makoloni ya Amerika yakaanza kuasi moja baada ya jingine. Meksiko ikatoka mwaka 1821, Potosí mwaka 1825. Seyyid Said wa Omani alipofika Unguja mara ya kwanza, mwaka 1828, dola kubwa ile ya Hispania ilikuwa imebakiwa hasa na visiwa, ambavyo navyo vingi Marekani iliipokonya mwaka 1898. Na bado karafuu, pembe na, tusifiche, watumwa pia, vilihesabiwa kwa reale. Nafasi ya mzinga ikashikwa na reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka ule ule wa 1780 hata ikipigwa jana.

Seyyid Barghash wa Unguja alipoagiza sarafu yake mwenyewe, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alitia jina lake kwa Kiarabu, asitie nguzo wala mzinga. Lakini thamani iliyoandikwa juu yake ni riyali, neno la Kihispania lenye maana ya kitu cha mfalme.