Petroli Yetu ya Miwa

Niliacha chuo kabla ya kumaliza kemia, lakini kitu kimoja nilibaki nacho: ethanoli, ile pombe iliyo kwenye chang'aa, ina kaboni mbili tu na inaungua vizuri ndani ya injini.

Kenya ilishaijaribu kabla sijazaliwa. Bei ya mafuta duniani ilipolipuka 1973, halafu tena 1979, hatukuwa na kisima hata kimoja. Tulikuwa na miwa. Muhoroni kikajengwa kiwanda cha kugeuza molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, kuwa ethanoli. Kuanzia 1983 ikachanganywa na petroli, ikauzwa Nairobi kwa jina la gasoholi.

Kisumu mambo yalikuwa mengine. Mradi wa molasi wa huko ulimeza pesa nyingi za umma, ukakwama. Robert Ouko alipouawa Februari 1990, mpelelezi Mwingereza John Troon aliutaja kati ya mambo ya kuchunguzwa.

Gasoholi yenyewe ilikwisha 1993. Injini hazikuikataa. Shida ilikuwa bei: serikali ndiyo iliipanga, na kwa wenye kiwanda haikulipa.

Leo watafiti wanaiita ethanoli mafuta ya kesho, pamoja na methanoli. Sawa tu. Lakini mjomba wangu analima miwa, na pesa ya msimu uliopita bado anaingoja. Kabla tuambiwe mashine itafanyaje kazi, mtu amwambie yeye atalipwa ngapi, na lini.