Nyota Nne za Mwanahewa: Njia Ndefu ya Majenerali wa Anga wa Kenya

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa Juni 1, 1964, miezi michache tu baada ya uhuru. Tangu siku hiyo hadi leo, ni wanahewa wawili pekee waliowahi kuvaa nyota nne za Jenerali na kukalia kiti cha Mkuu wa Majeshi: Julius Karangi, aliyeteuliwa mwaka 2011, na Francis Ogolla, aliyeteuliwa mwaka 2023. Kati ya kuanzishwa kwa jeshi hilo na uteuzi wa Karangi ilipita miaka 47. Maelezo tunayopewa mara nyingi ni kwamba wanahewa ni wachache, ndege zao ni chache, na kwa hiyo ni kawaida askari wa nchi kavu kuwatangulia. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Kilichomzuia mwanahewa kufika juu hakikuwa uchache wa ndege. Kilikuwa ni imani ya serikali, iliyotolewa kwa watu binafsi na kuondolewa kwa jeshi zima. Na kilichomrudisha kilikuwa ni kanuni iliyochukua nafasi ya imani hiyo.

Wasomaji wa Busia, Malaba na Port Victoria wana sababu ya pekee ya kuijua historia hii, kwa kuwa mpaka wao ulichangia kulikuza jeshi lenyewe. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipolihamishia upande wa Kenya. Port Victoria yenyewe ilikuwa imepangwa kuwa mwisho wa reli ya Uganda kabla ya mpango kubadilishwa na reli kuishia Kisumu mwaka 1901. Kalamu ile ya 1902 ndiyo aliyoishika Idi Amin mnamo Februari 1976 alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kwa asili. Kwa mtu wa Nairobi hayo yalikuwa maneno ya redioni. Kwa mtu wa Samia, Bunyala au Teso yalikuwa madai juu ya shamba lake na ufuo wake. Miezi mitano baadaye Waisraeli walivamia uwanja wa Entebbe na kuziteketeza ndege kadhaa za kivita za Uganda. Ndege zao zilijaza mafuta Nairobi, na Amin akailaumu Kenya. Mwaka huohuo Kenya iliagiza kutoka Marekani ndege 12 za aina ya F-5, zilizoanza kuwasili mwaka 1978. Mpaka wa magharibi ulikuwa umemfanya kamanda wa wanahewa kuwa mtu mzito. Hapo awali jeshi lake lilitegemea ndege za mafunzo na uchukuzi pamoja na za mashambulizi. Sasa lilikuwa na ndege inayopita kasi ya sauti.

Hata hivyo, uzito wa chombo haukuandamana na uzito wa cheo. Makamanda wa kwanza walikuwa maofisa wa jeshi la anga la Uingereza, wakianza na Ian Stockwell, na Mkenya wa kwanza, Dedan Gichuru, alikabidhiwa kamandi mwaka 1973. Mwaka 1980 alimwachia Peter Kariuki. Wote wawili walifikia Meja Jenerali, nyota mbili, na hapo ndipo penye paa. Kamanda wa nchi kavu huvaa nyota tatu za Luteni Jenerali, ilhali wenzake wa anga na wa majini huishia mbili. Mwanahewa anayetaka nyota ya tatu hana budi kutoka kwenye jeshi lake na kwenda makao makuu ya ulinzi, au kwenye chuo kikuu cha ulinzi cha taifa, na huko hakuna anayefika bila kuitwa. Swali basi si kama kamanda wa wanahewa ana ndege za kutosha. Swali ni nani anayemwita, na kwa kigezo gani.

Jibu la swali hilo lilipatikana vibaya asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982. Kundi la wanahewa wa vyeo vya chini, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, lilikiteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Zile F-5 zilizonunuliwa kwa hofu ya Amin zilirushwa kutoka Nanyuki kwa amri ya waasi, na marubani waliolazimishwa kupaa waliyamwaga mabomu yao katika msitu wa Mlima Kenya. Siku haikuisha kabla askari wa nchi kavu hawajauzima uasi. Ochuka alikimbilia Tanzania kwa ndege ya kijeshi, akarudishwa, akashtakiwa na kunyongwa mwaka 1987. Ndani ya mwezi huohuo wa Agosti Moi alilivunja jeshi zima la wanahewa. Lililoundwa mahali pake liliitwa Jeshi la Wanahewa la 82, jina lililobeba mwaka wa kosa. Meja Jenerali Kariuki, ambaye hakuwa miongoni mwa waliopanga uasi, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na mwaka 1983 akahukumiwa kifungo cha miaka minne kwa kushindwa kuuzuia. Miongo mitatu baadaye mahakama za kiraia ziliona kuwa haki zake zilikiukwa na kuamuru alipwe fidia.

Atakayesema kwamba uasi wa silaha ulistahili adhabu kali hatapingwa hapa. Lakini historia ya Kenya ina mfano mwingine wa kulinganisha. Mwaka 1971 Meja Jenerali Joseph Ndolo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi na mtu wa nchi kavu, alijiuzulu baada ya jina lake kutajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi. Nchi kavu haikuvunjwa. Uongozi ukamwangukia Jackson Mulinge, naye pia wa nchi kavu, akaushikilia hadi mwaka 1986. Wahenga wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza, ila mwaka 1971 samaki mmoja aliondolewa na tenga likabaki, na mwaka 1982 tenga zima likamwagwa. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ukubwa wa kosa pekee, maana njama ya mkuu ni nzito kuliko uasi wa vijana wa cheo cha chini. Sehemu ya maelezo ni kwamba ya 1971 ilibaki njama, na ya 1982 ilitoka kambini hadi redioni. Sehemu nyingine ni wakati wenyewe. Miezi saba tu kabla, Desemba 31, 1981, ofisa wa anga aitwaye Jerry Rawlings alikuwa ametwaa madaraka Ghana kwa mara ya pili. Kiongozi wa Kiafrika wa wakati huo aliyemtazama rubani wake kwa wasiwasi hakuwa anaota ndoto za mchana. Lakini wasiwasi, hata ukiwa na sababu, si kipimo cha kumpandishia mtu cheo.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi imani binafsi inavyofanya kazi inapokosa kanuni. Kamandi ya wanahewa alipewa Mahmoud Mohamed, ofisa wa nchi kavu aliyeongoza operesheni ya kuuzima uasi. Alikaa juu ya wanahewa miaka minne, kisha mwaka 1986 akapandishwa kuwa Mkuu wa Majeshi, kiti alichokikalia kwa miaka kumi. Kiti cha kamanda wa anga kiligeuka ngazi, lakini ngazi ya mtu wa nchi kavu. Gichuru aliitwa tena kuwaongoza wanahewa kati ya 1986 na 1989, akamwachia Duncan Wachira. Mtu mmoja kurudishwa kwenye kiti alichokwisha kukiacha ni dalili kwamba waliokuwa wakiaminiwa walihesabika kwa vidole. Jeshi halikurudishiwa jina lake kamili na hadhi ya kujitegemea hadi mwaka 1994, lilipokuwa chini ya Nick Leshan. Miaka 12 ya toba kwa kosa la siku moja.

Sasa turudi kwa hoja ya uchache, kwa sababu ndiyo pingamizi kubwa. Ikiwa wanahewa walichelewa kwa kuwa ni wachache, wanamaji wangechelewa zaidi, maana wao ni wachache zaidi. Ukweli ni kinyume. Joseph Kibwana, mtu wa wanamaji, aliteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2000, miaka 11 kabla ya Karangi. Nje ya Kenya uchache haukuwa kikwazo pia. Nchini Marekani jeshi la anga lilipata kujitegemea mwaka 1947, na kufikia 1957 mwanahewa Nathan Twining alikuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Uingereza ilipounda wadhifa wa mkuu wa ulinzi mwaka 1959, wa kwanza kuushika alikuwa William Dickson wa jeshi la anga. Mtu anaweza kusema kuwa mataifa hayo yalikuwa yametoka katika vita vya dunia vilivyoamuliwa kwa sehemu kubwa angani, na hilo ni kweli. Lakini wanamaji wa Kenya hawakutoka katika vita vyovyote vya namna hiyo, na bado walitangulia. Tofauti kubwa kati yao na wanahewa ni kwamba mwaka 1982 hawakuasi.

Mabadiliko yalianza kwa mtu wa nchi kavu. Daudi Tonje, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kati ya 1996 na 2000, aliacha nyuma kanuni ambazo hadi leo huitwa kwa jina lake: muda maalumu wa kushika wadhifa, umri wa kustaafu usiokwepeka, na desturi ya kiti cha juu kuzunguka kati ya majeshi matatu. Matokeo yake yanaonekana katika orodha yenyewe. Kibwana wa majini mwaka 2000, Jeremiah Kianga wa nchi kavu 2005, Karangi wa anga 2011. Kisha Samson Mwathethe wa majini 2015, Robert Kibochi wa nchi kavu 2020, Ogolla wa anga 2023, na Charles Kahariri wa majini 2024. Mzunguko umefuatana bila kuruka zamu hata moja kwa zaidi ya miongo miwili. Si kwamba Kenya ilipata ndege mpya zilizomwinua mwanahewa mwaka 2011, mwaka ambao majeshi yake yaliingia Somalia. Zamu yake ilikuwa imefika, na aliyekuwa naibu akapanda. Ogolla naye alipita njia hiyohiyo: rubani wa ndege za kivita aliyefunzwa Marekani, kamanda wa wanahewa kuanzia 2018, naibu mkuu kuanzia 2021, kisha mkuu.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito. Kanuni haiandiki barua ya uteuzi, rais ndiye anayeiandika, na katika siasa za Kenya kabila na uaminifu vingali vinahesabiwa. Hili haliwezi kukanushwa, na Katiba ya 2010 yenyewe inalikiri. Kifungu cha 241 kinaagiza uongozi wa majeshi uakisi sura ya nchi kwa maeneo na makabila. Lakini uteuzi wa Ogolla, mwana wa kaunti jirani ya Siaya, unaelekea upande mwingine. Jina lake lilikuwa limetajwa katika tuhuma za kutaka kuugeuza ushindi wa Ruto kwenye ukumbi wa Bomas, kura zilipojumlishwa wakati wa uchaguzi wa 2022, na Rais William Ruto alisema hadharani kwamba alimteua kinyume cha ushauri wa wengi. Angekuwa anachagua kwa imani binafsi pekee, asingemchagua. Baada ya uasi wa 1982 kamanda ambaye hakuasi alifungwa kwa sababu ya watu wake. Mwaka 2023 ofisa aliyenyoshewa kidole alipandishwa kwa sababu ya rekodi yake na zamu ya jeshi lake. Ogolla alikufa Aprili 18, 2024, helikopta ya kijeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet na kuua watu kumi, yeye akiwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Kenya kufa akiwa kazini.

Siku chache baadaye, Mei 2024, kamandi ya wanahewa ilikabidhiwa Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi matatu. Alijiunga na jeshi mwaka 1983, wakati wanahewa walipokuwa bado wanatumikia adhabu. Naye John Omenda, aliyemtangulia, alipanda kuwa Luteni Jenerali na naibu wa mkuu. Katika jeshi linalotegemea imani ya mtu mmoja, mwanamke aliyeanzia katika kikosi cha wanawake kilichokuwa pembeni asingekuwa na mlango wa kupitia. Mlango ulikuwepo kwa sababu vyeo vilikuwa na ngazi zinazojulikana, na yeye alizipanda zote hadharani.

Haitakuwa busara kudhani kazi imekwisha. Desturi iliyodumu tangu 2000 haijawahi kujaribiwa na rais aliyekuwa na hofu ya kweli, kama aliyokuwa nayo Moi mwaka 1982. Kwa hesabu ya mzunguko, baada ya Kahariri zamu ni ya nchi kavu, kisha anga tena. Siku itakapofika, na hasa ikifika katika msimu wa misukosuko, ndipo tutakapojua kama Kenya ina kanuni au ina bahati. Watu wa mpakani, ambao usalama wao ulitegemea ndege zile za 1978, wana haki ya kudai mzunguko huo ulindwe. Jeshi ambalo kamanda wake anajua njia ya kupanda kihalali halina haja ya kuitafuta njia nyingine.