John Kilaka na Kicheko cha Wanyama katika Vitabu vya Watoto

Historia ya vitabu vya watoto katika Afrika ya Mashariki huandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya watungaji peke yao. Mchoraji hutajwa kwa herufi ndogo, au hatajwi kabisa. Lakini ziko sehemu ambazo mtoto huifahamu picha kabla ya kuyafahamu maneno yaliyo chini yake, na huko ndiko thamani ya mchoraji huonekana wazi.

Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara uliotengwa na Mkoa wa Arusha mwaka 2002, ni mfano mwema. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi, nao Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, husema lugha ya jamii ya Kiniloti. Lugha hizo hazina udugu na Kiswahili. Mtoto aliyelelewa kwa Kiiraqw husikia visa vya sungura na fisi jioni nyumbani, kisha huingia shule ya msingi na kukuta kitabu cha Kiswahili. Visa vya namna hiyo amevizoea. Maneno ndiyo mageni. Picha inayochekesha humwambia kwamba mambo ya kitabuni si mageni kama maneno yake.

Katika wachoraji wa Tanzania waliofanya kazi ya namna hiyo, John Kilaka anastahili kukumbukwa, ingawa hakutoka Mbulu. Alizaliwa mwaka 1966 katika nchi ya Sumbawanga, kusini-magharibi, ambako pia Kiswahili huishi pamoja na lugha za wenyeji. Uchoraji wake umefuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Tingatinga aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza sanaa hiyo: rangi kali zisizochanganywa sana, mstari ulio wazi, na mnyama aliyejaza nafasi yote.

Picha za mtindo huo ziliuzwa zaidi kwa wageni, na kwa kawaida kila moja ilisimama peke yake. Kilaka aliufanya mtindo huo usimulie. Mnyama wake hakubaki pambo la ukutani. Alivikwa nguo, akaenda sokoni, akagombana na jirani, akaona haya. Hapo ndipo kicheko kilipoingia.

Kicheko hicho si cha bure. Katika kitabu chake cha samaki wabichi, Sokwe anakwenda na samaki wake sokoni, Mbwa mwenye tamaa anawaiba, na shauri linaletwa mbele ya wanyama wenziwe. Katika kitabu cha marafiki wa kweli, Panya ndiye ajuaye kuwasha moto, na Tembo, kwa kuwa nyumba yake ni kubwa, anajitolea kumwekea akiba ya chakula. Ukame unapofika, anamnyima. Katika kitabu cha mti wa ajabu, wanyama wenye njaa hawawezi kupata matunda mpaka walitaje jina la mti, na wakubwa waliotumwa kwa Kobe kuliuliza wanalisahau njiani. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye analifikisha.

Katika visa vyote hivyo mwenye nguvu ndiye anayechekwa. Hiyo ndiyo desturi ya ngano zetu tangu zamani: msimulizi hamtukani mkubwa, bali humvika ngozi ya tembo na kuwaachia wasikilizaji wacheke. Msimulizi wa jioni alifanya hivyo kwa sauti, kwa macho na kwa mikono. Kitabu hakina sauti wala mikono. Mchoraji ndiye anayevirudisha. Tembo mkubwa aliyevaa nguo za mtu amekwisha kuchekesha kabla mtoto hajasoma neno hata moja.

Hata hivyo, safari ya vitabu hivyo ina jambo la kufikirisha. Kitabu cha samaki kilitoka Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, kisha kikatoka Kanada kwa Kiingereza mwaka 2005; kile cha marafiki kilifuata huko mwaka 2006. Kile cha mti kilitoka mwaka 2009. Ngano za Tanzania, zenye sokwe, tembo na panya wa kwetu, zilipata wachapaji ng'ambo na kuchekwa kwa lugha za mbali.

Hapo pana deni. Wataalamu wamezishughulikia lugha za Mbulu kwa bidii: W. H. Whiteley alitoa uchunguzi wake wa Kiiraqw mwaka 1953, na masimulizi ya Kiiraqw yaliyokusanywa na Paul Berger yalichapishwa mwaka 1998. Kazi hizo ni hazina kwa wanachuoni, lakini mtoto wa Katesh au Dongobesh hawezi kucheka kwa kusoma sarufi. Kati ya ngano iliyohifadhiwa na mtoto anayejifunza Kiswahili, panahitajika mchoraji aijuaye ngano hiyo kiasi cha kujua ni nani ndani yake apaswaye kuchekwa. Kazi ya Kilaka yaonyesha kwamba wachoraji wa namna hiyo wapo nchini, na kwamba anayeandika historia ya vitabu vya Kiswahili pasipo kuwataja huandika nusu yake tu.