Kimia cha Jicho

Katika karatasi moja ya maelezo kwa wazazi nimesoma kwamba maradhi yale yawaotayo watoto wadogo ndani ya jicho, ambayo matabibu huyaita retinoblastoma, yamepewa jina la "saratani ya pazia la jicho", na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Kwa kuwa pazia kazi yake ni kufunika, ilhali retina, ngozi ya ndani ya jicho inayoitwa hapo pazia, haifuniki kitu bali hupokea nuru, na mama aliyezoea habari za mtoto wa jicho atadhani ni utando wa mbele, wa kubanduliwa tu mwanawe akaona.

Asili ya jina retina ni wavu. Matabibu wa Kiyunani wa Aleksandria waliifananisha ngozi hiyo ya ndani na wavu wa kurusha; Waarabu, akiwamo Hunayn bin Is-haq wa Baghdad katika karne ya 9, wakaiita shabakiyya, kutokana na shabaka, yaani wavu, ambalo ndugu yake tunaye majumbani mwetu, shubaka la ukutani; na wafasiri wa Kilatini wakashika rete, wavu vilevile, wakapata retina. Umma zote hizo zimeshika wavu. Sisi tumelitoa wapi pazia?

Mimi nasema kimia, huo wavu wa kurusha. Aliyemtazama mvuvi akivuta kimia chake ameona jinsi nyuzi zote zinavyokutana kileleni katika kamba moja aliyoifunga mkononi: ndivyo nyuzi za retina zikusanyikavyo nyuma ya jicho zikawa mshipa mmoja uendao ubongoni. Uvimbe huu hupanda kwa kamba hiyohiyo, na ndiyo sababu mpasuaji, akilazimika kuling'oa jicho, hujitahidi kuukata mshipa mbali, kipande kirefu kitoke pamoja nalo.

Ama blastoma, ni Kiyunani cha chipukizi, jina ambalo matabibu wa macho wa Marekani walilikubali mwaka 1926 badala ya glioma, lililotokana na gundi. Basi uvimbe-chipukizi wa kimia.

Nililipeleka neno hili la kimia mbele ya kamati ya istilahi, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba ni neno la wavuvi. Naam, ni la wavuvi, na Wayunani nao walilitwaa kwa wavuvi, wala hawakuona haya.

Matumizi ni mepesi: kimia cha jicho, vimia vya macho, uvimbe wa kimia, na mzazi aonaye mboni ya mwanawe ikimeta nyeupe, hata ikiwa pichani tu, ampeleke kwa tabibu wa macho bila kukawia.