Ndege na Wanyama wa Misitu ya Rusizi

Gashonga iko wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, eneo lenye msitu mkubwa wa Nyungwe na kipande chake kilichojitenga, Cyamudongo. Zamani misitu hii ilikuwa mikubwa zaidi. Mashamba yaliila pole pole. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliitangaza Nyungwe kuwa hifadhi ya msitu, lakini uwindaji haukukoma. Nyati walitoweka katika miaka ya 1970, na tembo wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1999.

Ndege walistahimili zaidi. Shorobo wa Rwenzori hujificha majanini, kisha akiruka hufunua mbawa nyekundu. Wapo pia ndege wahamaji, ingawa hapa hakuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Mwezi Machi huleta mvua za masika, na ndipo mbayuwayu waliokimbia baridi ya huko huanza kurudi kaskazini.

Nyungwe ilifanywa hifadhi ya taifa miaka ya 2000, na Cyamudongo, yenye sokwe mtu wachache, ikajumuishwa humo. Mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha Nyungwe kuwa urithi wa dunia.