Kisu Unakitaka, Binti wa Mhunzi Humtaki!

Mdau, leo ukinunua bidhaa dukani unatafuta nembo ya TBS. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1975. Sasa jiulize, zamani kisu cha mhunzi kule Mkalama, mkoani Singida, nani alikuwa anakikagua?

Jibu: pori lenyewe.

Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanawinda na kurina asali. Kwa miaka mingi visu na vyembe vya mishale wamevipata kwa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali, nyama na ngozi. Hakuna risiti wala garantii. Kisu kikipinda mtu yuko katikati ya kuchuna mnyama, asali yake kesho inahamia kwa fundi mwingine. Imeisha hiyo!

Ndiyo maana fundi alikuwa habahatishi. Vifaa ni mkaa, nyundo na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na chuma ni chakavu tu. Msumari ni laini, unafaa kwa chembe, ila ukiufanya kisu makali hayakai. Springi ya gari ndiyo dili, maana ina kaboni nyingi. Inachomwa mpaka iwe nyekundu, inafuliwa, inachovywa kwenye maji ili ikaze. Ukikosea moto, kisu kinakuwa kikavu, kikigonga mfupa, kwisha habari.

Ujuzi huo haukuandikwa popote. Baba alimrithisha mwana, ndani ya ukoo uleule wa Gidang'odiga.

Sasa hapa ndipo panapouma. Wadatoga wengine walikuwa hawaoi kwa wahunzi na hawawaozeshi binti zao, eti watu wa kufua chuma wana mkosi. Yaani mkuki wako umetoka kwake, bangili ya mkeo imetoka kwake, lakini ukwe hapana! Kubaguliwa huko ndiko kulikofanya wahunzi waoane wao kwa wao, na siri ya moto ikabaki nyumbani.

Siku hizi, upande wa Karatu, watalii nao wananunua, bangili za shaba zilizoyeyushwa kutoka kwenye kufuli na koki za zamani, na visu vya kupamba ukuta. Hela ni nzuri. Ila kisu cha ukutani hakichuni kitu. Kikiwa kibovu, nani atarudi kulalamika?

Mhunzi alikosa heshima, lakini mteja wake alikuwa anajua kisu. Akiondoka mteja huyo, nani atabaki kukagua?

Wadau, mngekuwa nyinyi, mngeoa kwa mhunzi?