Slaidi za maji: kila sheria pale ukutani ina kisa chake

SEHEMU YA 1: Kwa nini leo nawaletea historia

Likizo imekaribia na meseji zimeanza: "Nesi, mwanangu ana miaka mitano, naweza kumpandisha slaidi ya maji?" "Nesi, nikimpakata si ni salama zaidi?" "Nesi, mbona wale vijana wa pale juu wanatukatalia wakati tumelipa kiingilio?"

Ningeweza kukuandikia orodha ya usifanye hiki, usifanye kile. Lakini najua orodha inasomwa na kusahaulika hapo hapo getini. Kwa hiyo nitakusimulia zile sheria zilitoka wapi. Ukishajua nani aliumia mpaka sheria ikaandikwa, hutabishana tena na kijana wa pale juu. Nimegawa sehemu sita, soma taratibu ukiwa umemlaza mtoto.

SEHEMU YA 2: Mchezo ulianzaje

Watu kuteleza na kuingia majini kwa burudani si jambo la jana. Mwaka 1894 mjini Chicago, Marekani, bwana mmoja aitwaye Paul Boyton alifungua sehemu ambayo watu walikaa ndani ya boti, boti ikaachiwa kwenye mteremko mrefu mpaka bwawani. Mwaka 1923 Herbert Sellner wa Faribault, jimbo la Minnesota, akatengeneza mteremko wa mbao kando ya ziwa. Unakaa juu ya kigari cha mbao, unashuka, unaparaza juu ya maji.

Bustani za michezo ya maji kama tunavyozijua sasa, zenye slaidi nyingi, mabwawa na mawimbi ya kutengenezwa, zilianza kushika kasi mwaka 1977. Mwaka huo George Millay, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa SeaWorld, alifungua Wet 'n Wild mjini Orlando, Florida. Watu wengi humwita baba wa bustani za maji. Wazo likasambaa duniani, likafika Ghuba, likafika kwetu pia. Leo mtoto wa Dar es Salaam anaijua Kunduchi Wet 'n' Wild kama anavyoijua njia ya shule.

Sasa angalia jambo moja. Mchezo ulikua haraka kuliko sheria. Slaidi zilirefuka, zikapinda, zikaongezewa kasi. Nani alikuwa anapima kama mwili wa binadamu unaweza kuhimili? Hapo ndipo shida ilipoanzia.

SEHEMU YA 3: Bustani iliyofundisha dunia kwa maumivu

Mwaka 1978 ilifunguliwa Action Park huko Vernon, New Jersey. Sifa yake ilikuwa kwamba mgeni ndiye anayejiamulia: kasi yako, hatari yako. Vijana waliipenda sana.

Mwaka 1985 walifungua slaidi iliyoitwa Cannonball Loop. Ilikuwa bomba lililofungwa pande zote, na mwishoni lilizunguka duara kamili la kusimama, yaani mtu anageuka kichwa chini miguu juu halafu anatokea upande wa pili. Sasa fikiria kidogo. Mtu mzito na mtu mwepesi hawashuki kwa kasi moja. Ukikosa kasi, hulimalizi duara, unaanguka ndani ya bomba. Ukizidi kasi, unajigonga. Andy Mulvihill, mtoto wa mwenye bustani, ameeleza baadaye kwamba wafanyakazi walipewa dola 100 ili wajaribu kuteleza humo. Ilibidi watoboe mlango wa kutolea watu waliokwama. Slaidi ilifanya kazi kama mwezi mmoja tu, ikafungwa.

Lakini mama, kilichoua watu wengi kuliko lile duara la kutisha kilikuwa maji. Bwawa la mawimbi la Action Park lilipoteza vijana waliozama, akiwemo mmoja mwaka 1982 na mwingine 1987. Kwa jumla watu 6 wanajulikana kufa kwenye bustani hiyo kabla haijafungwa mwaka 1996. Wengi waliokuwa wanaingia majini hawakujua kuogelea vizuri. Waliona wenzao wanacheza, wakadhani maji ya burudani ni tofauti na maji ya baharini. Maji ni maji.

Funzo la kuondoka nalo: kabla hujauliza slaidi ina urefu gani, uliza waokoaji wako wapi. Wahesabu. Angalia kama wanatazama maji au wanatazama simu. Baada ya miaka mingi ya ajali, viwango vya kujenga na kuendesha slaidi viliandikwa, Marekani wana F2376 na Ulaya wana EN 1069. Viwango ni vizuri, ila kiwango kikiwa kwenye karatasi na mwokoaji hayupo kwenye kiti chake, mtoto wako hana ulinzi.

SEHEMU YA 4: "Mmoja mmoja" na "fimbo ya kupimia urefu"

Hizi ndizo sheria mbili zinazoleta ugomvi zaidi, basi nizisimulie pamoja.

Tarehe 2 Juni 1997, mji wa Concord, California. Wanafunzi wa Napa High School walikuwa wanasherehekea kumaliza shule. Kundi kubwa liliamua kushuka kwa pamoja kwenye slaidi moja, wakashikana na kujazana ndani yake. Slaidi haikujengwa kubeba uzito ule mahali pamoja. Ikakatika wakiwa juu. Msichana mmoja alikufa na wengine 32 walijeruhiwa. Ndiyo maana kijana wa pale juu anakunyooshea kiganja na kusema subiri. Anasubiri aliyetangulia atoke kabisa kwenye maji ya chini. Ukimpeleka mtoto kabla ya hapo, miguu yake inagonga kichwa cha mwenzake, au yeye ndiye anagongwa na mtu mzima mwenye kilo 90.

Sasa hii ya pili inaniuma zaidi. Julai 2014, Kansas City, bustani ya Schlitterbahn ilifungua slaidi iliyoitwa Verrückt, neno la Kijerumani lenye maana ya mwendawazimu. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 51 kwenda juu, kama jengo la ghorofa 17, na ikatambuliwa kuwa slaidi ndefu kuliko zote duniani. Watu watatu walikaa kwenye boti ya mpira, wakaporomoka, kisha boti ikapanda kilima cha pili. Wakati wa majaribio boti zenye mifuko ya mchanga zilikuwa zinaruka hewani. Juu ya slaidi wakaweka wavu ulioshikiliwa na pete za chuma.

Tarehe 7 Agosti 2016 alipanda mvulana wa miaka 10 pamoja na wanawake wawili watu wazima. Uzito wao wote kwa pamoja ulikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa. Urefu wa mtoto ulitosha. Lakini yeye mwepesi alikaa mbele, wazito wakawa nyuma. Kwenye kilima cha pili boti iliruka, mtoto akagonga chuma cha kushikilia wavu, akafariki pale pale. Wale wanawake waliumia.

Mwaka uliofuata Kansas walibadili sheria na kukaza ukaguzi wa michezo ya aina hiyo. Slaidi yenyewe ilibomolewa Novemba 2018. Watu walifunguliwa mashtaka mahakamani, kesi ikafutwa mwaka 2019 kwa sababu ya namna ushahidi ulivyowasilishwa. Ile familia, kesi iwepo isiwepo, kiti cha mtoto mezani kiko wazi.

Naomba uelewe kisa hiki vizuri. Mtoto yule alitimiza masharti. Kwa hiyo fimbo ya kupimia urefu ni mwanzo tu. Mwanao akiwa chini ya ile alama, usimvalishe viatu vyenye soli nene wala usimfundishe kusimama kwa vidole. Na akiwa juu ya alama, bado wewe mama una haki ya kusema hapana. Ukiona boti inanyanyuka, ukiona mkanda haufungi, ukiona mtoto analia hataki, shukeni kwa ngazi. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kushuka kwa ngazi.

SEHEMU YA 5: Kumpakata, kukunja miguu, na nguo unazovaa

Turudi kwenye swali la kumpakata. Nakuelewa, mkono wa mama unaonekana ndio salama kuliko vyote. Lakini madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa walifuatilia slaidi za kawaida za viwanja vya watoto, zile kavu, na mwaka 2017 wakatoa matokeo: kati ya 2002 na 2015 watoto zaidi ya 350,000 walio chini ya miaka 6 waliumia kwenye slaidi nchini Marekani. Waliovunjika mguu walikuwa wengi, hasa mfupa wa chini ya goti, na wengi wa hao inaaminika walikuwa wamepakatwa.

Inatokeaje? Mtoto akiteleza peke yake na kiatu kikanasa ukingoni, anasimama, kwa kuwa ni mwepesi. Akiwa amepakatwa, mguu unanasa lakini wewe na kilo zako 75 mnaendelea kushuka. Mguu unajipinda, mfupa unakatika, mtoto wa miaka miwili anaenda kufungwa P.O.P. Kwenye maji kasi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kama slaidi ni kubwa kwake, hata mapajani mwako ni kubwa kwake. Mpeleke kwenye slaidi fupi za watoto, wewe simama chini majini umpokee.

Kulala chali, miguu mbele, vifundo vimepishana, mikono kifuani: hii nayo ina sababu. Kichwa kikitangulia na maji ya chini yakiwa kina cha magoti, shingo ndiyo inayopokea uzito wote. Mikono ikiwa nje, kiwiko kinagonga ukingo. Na hili la vifundo nalisema wazi kwa sababu akina mama mnaona aibu kuuliza: kwenye slaidi zenye kasi kubwa, ukifika chini na miguu imeachana, maji yanaweza kuingia kwa nguvu sehemu za siri au njia ya haja kubwa na kuchana ndani. Madaktari wameshaandika visa vya namna hiyo kwenye majarida yao. Ukitoka kwenye slaidi ukaona damu, hata kama huna maumivu makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri eti labda ni siku zako. Na mama mjamzito, hata kama tumbo bado dogo, slaidi subiri mpaka ujifungue.

Nguo: dera na kanga vinanasa na kukunyonga. Vua hereni, mkufu, pete na shanga. Ukihitaji kujisitiri, zipo nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima na kubana vizuri.

SEHEMU YA 6: Chini ya slaidi ndiko kwenyewe

Miaka ya 1970 mwokoaji mmoja wa New York, Frank Pia, alichunguza filamu za watu waliokuwa wanazama kweli pwani ya Orchard Beach. Alichokiona kimebadilisha mafunzo ya waokoaji: mtu anayezama hapigi kelele. Mdomo unazama na kuibuka, hapati nafasi ya kuita. Mikono inasukuma maji pembeni, haipungi. Mwili umesimama wima, miguu haipigi. Haya yote huchukua sekunde 20 mpaka 60 tu, kisha anakwenda chini. Kwa mbali utadhani anacheza.

Sekunde 20 ni muda wa kujibu meseji moja. Ndiyo maana nasema mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na mtu mzima mmoja apewe zamu ya kutazama tu. Mkiwa watu wazima sita na hakuna aliyepewa zamu, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Jaketi la kuokoa maisha ndiyo, mavazi ya hewa ya mikononi ni mapambo tu.

Ikitokea ametolewa majini na hapumui, jamani, usimning'inize miguu juu, usimminye tumbo. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 huku ukiangalia kifua kinapanda. Mtoto mchanga unafunika mdomo na pua kwa pamoja. Kama bado haamki, bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyo hivyo huku mwingine akiita msaada na usafiri. Kama aliruka au kugonga kichwa, mtoeni shingo ikiwa imenyooka, msimkunje.

Na akiamka mkashangilia, bado mleteni hospitali. Akianza kukohoa sana, kupumua haraka au kulegea saa chache baadaye, tunataka awe tayari yuko mikononi mwetu.

Hivyo ndivyo zile sheria zilivyoandikwa. Nendeni mkafurahi na watoto, kwa kweli slaidi ni raha. Pale chini ya ngazi simameni dakika mbili, msome ubao pamoja, na mtoto anayejua kusoma awasomee wadogo zake kwa sauti. Mtumie mama mwenzako anayepanga safari ya likizo. Maswali yawekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.